Mabango ya Mtoto Asiye na Mdomo

Turubai lilikuwa na unyevu. Si lote, mahali pamoja tu, padogo kama kiganja, chini ya pua ya mtoto, pale ambapo pangekuwa na mdomo kama mtoto yule angekuwa nao.

Mzee Wino, mwendesha mashine wa kiwanda kile cha uchapaji, alipapangusa kwa kitambaa, akarudi nyuma hatua moja, akatazama. Ukungu ulianza kutanda polepole, kisha ukawa matone, kama kioo ambacho mtu amekipumulia. Akapangusa tena. Ukatanda tena. Turubai lilichapwa jana mchana na lilikuwa limeanikwa ukutani mbele ya feni tangu saa hizo. Kwa kawaida huwa limeshakauka kiasi cha kukunjwa bila kushikana.

"Fundi," aliita bila kugeuka, "njoo umwone mwanao anavyotoka jasho."

Fundi aliinuka nyuma ya kompyuta yake. Jina hilo alipewa na watu wa kampeni, likamganda mpaka na mama yake mzazi akaanza kumwita hivyo. Kazi yake ilikuwa kuzitengeneza picha kabla hazijachapwa. Msimu wa uchaguzi ukifika, chunusi za wagombea zilimalizikia mikononi mwake, vitambi vilirudi ndani, vipara viliota nywele. Alijisifu kwamba hakuna mgombea aliyewahi kupita mezani pake akatoka na sura mbaya. Ubaya wa roho, alisema, haukuwa idara yake.

Alipagusa mahali pale kwa kidole. Palikuwa na joto. Akakinusa kidole akitegemea harufu ya wino, akapata harufu ya maziwa yaliyofurika sufuriani yakaungulia jikoni.

"Ni hewa ya mvua tu," alisema.

"Mvua gani? Mwezi mzima hatujaona hata wingu la kusingizia."

"Basi ni huo wino wako mpya."

"Wino wangu haupumui, mwanangu," Mzee Wino alisema, akacheka. Lakini hakupangusa tena. Gari la kubebea mabango lilikuwa limeshafika nje, dereva anapiga honi, na mabango mengine sabini na tisa yalikuwa yamekunjwa tayari. Wakalikunja na hilo likiwa na unyevu wake, wakalitoa.

Picha ile ilizaliwa kwa kiburi, na kiburi chenyewe kilikuwa cha Fundi. Msimamizi wa kampeni, ambaye kiwandani walimwita Simu Mbili kwa sababu hakuwahi kuonekana na moja, alikuwa amekuja akitaka tangazo litakalomkaba mtu koo. Alileta mawazo yake kwenye karatasi. Mpinzani mwenye ulimi wa nyoka. Mpinzani akiwa fisi aliyevaa suti. Jeneza lenye tundu la kutumbukizia kura.

"Hayo watu wameshayazoea," Fundi alimwambia. "Fisi wa suti wamejaa kila kona, na watu wanampigia kura huyo huyo fisi."

"Wewe ungeweka nini?"

"Mtoto. Amesimama tu, anakutazama. Hana mdomo."

Simu Mbili aliziweka simu zote mbili mezani. Palepale likapatikana na neno la kuandika chini yake, herufi nyeupe kubwa kuliko mtu: NANI ATAWASEMEA? Kisha akaongeza ufundi wake mwenyewe, ule wanaoupenda sana watu wa matangazo. Wiki ya kwanza litundikwe swali peke yake, mahali themanini, bila jina la mgombea, bila chama, bila nembo, watu wahangaike kuuliza ni la nani. Jumatatu ya wiki ya pili, saa sita mchana, mgombea mwenyewe angetokea kwenye mzunguko mkubwa wa barabara na kutoa jibu.

Mtoto wa kumpiga picha hawakuwa na muda wa kumtafuta. Fundi alikuwa naye nyumbani.

Binti yake wa miaka saba walimwita Chiriku, na aliyempa jina hilo hakumwonea. Aliongea akila, akioga, akilala. Jumamosi asubuhi mama yake, Fundi mwenyewe, alimsimamisha kwenye ukuta wa jikoni akiwa na kamera ya kazini, akapiga picha arobaini na tatu ili apate moja ambayo mdomo umetulia. Siku ileile akakaa kwenye kompyuta na kuufuta, taratibu, ngozi juu ya ngozi, mpaka chini ya pua pakabaki laini kama shavu. Chiriku alisimama nyuma ya kiti akitazama.

"Mama, sasa huyo atakulaje?"

"Kwa masikio."

"Na akitaka kuongea?"

"Atapumzika kidogo, na sisi tupumzike."

Mzaha wa kawaida, ambao mama yeyote mwenye mtoto wa namna ile angeutoa. Chiriku alicheka sana, na mama yake akabonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Mabango yalitundikwa Jumapili. Jumatatu asubuhi Chiriku alikunywa chai bila kusema neno, na Fundi, Mungu amsamehe, alishukuru. Alipata hata nafasi ya kusikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho. Jumanne vilevile. Alimwuliza kama tumbo linamuuma, mtoto akatikisa kichwa. Alimwuliza kama kuna mtu amemchokoza shuleni, akatikisa kichwa tena, akachukua mkoba wake na kutangulia mlangoni.

Jumatano mwalimu wa darasa alimpigia simu kazini.

"Mama Chiriku, samahani kwa usumbufu. Mtoto hajambo nyumbani?"

"Amepoa kidogo tu. Kwa nini, mwalimu?"

"Darasani hasemi. Hilo si tatizo, mimi mwenyewe nilikuwa nimeliombea." Mwalimu alicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. "Tatizo ni kwamba anavuma. Amefunga mdomo, anatoa mvumo, hivi, kama friji. Nikimwambia aache, anaacha. Lakini mvumo wenyewe unabaki."

Fundi alimfuata. Njiani walipita chini ya mabango matatu. Chiriku hakuyatazama hata moja, ila kila walipolikaribia moja mkono wake ulipata joto ndani ya mkono wa mama yake, na walipolipita ulipoa. Nyumbani Fundi alimketisha dirishani kwenye mwanga, akamwambia afungue mdomo. Midomo ilifunguka kwa shida, kama bahasha iliyolambwa vibaya. Rangi yake ilikuwa imepungua. Ule mpaka kati ya mdomo na ngozi, ambao yeye kwa kazi yake aliujua kuliko watu wengi, ulikuwa umeanza kufifia kwenye pembe.

"Kwa nini huongei, mama? Niambie mimi."

Mtoto alikwenda kuchukua daftari. Aliandika kwa mwandiko wake mkubwa wa kulalia upande, akamgeuzia mama yake.

*Amesema sasa ni zamu yake.*

"Nani amesema?"

Chiriku alifikiri. Akaandika: *Yule wa kwenye picha. Siyo mimi. Yule aliyekuja kukaa.*

Daktari aliwapokea Alhamisi. Alimulika koo, akapima masikio, akasema ni mshtuko, watoto huwa hivyo, apewe muda. Alipokuwa akiandika, aliacha kalamu hewani na kuuliza kama wao pia wanasikia harufu ya kitu kinaungua. Fundi akasema hapana. Alikuwa akiisikia tangu walipotoka nyumbani.

Ijumaa mchana aliomba ruhusa akabaki na mwanawe. Baada ya chakula, ambacho mtoto alikinyonya kwa mrija kwa sababu kijiko hakikupita tena, alimlaza kitandani na yeye akakaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta. Jua lilikuwa kali, pazia limetulia, jirani anafua nguo uani. Mchana mweupe kabisa. Chiriku akapitiwa na usingizi, na ule mvumo ukaanza, kwanza mmoja, mwembamba, kisha chini yake mwingine, kisha mingine, kama watoto wengi waliokaza midomo wakiimba wimbo ambao hakuna aliyewafundisha maneno yake, na Fundi, ambaye alitaka kuinuka na hakuweza, aliona koo la mwanawe linapanda na kushuka wakati midomo imeshikamana, na akasikia, kutoka pale ambapo hapakuwa na mdomo wowote uliofunguka, sauti nzito, kavu, ya mtu ambaye hajaongea kwa muda mrefu na anajaribu.

"Mimi," ilisema.

Uani jirani aliacha kufua. Kwa dakika nzima hapakusikika maji. Kisha ndoo ikaburuzwa, na mvumo ukakoma, na mtoto akageukia ukutani.

Fundi alimwacha kwa jirani akakimbilia kiwandani. Njiani aliyaona mabango kwa macho mapya. Chini ya kila moja palikuwa na kundi la watu wakionyeshana kwa vidole, kwa sababu kwenye uso wa mtoto, pale alipofuta yeye kwa mkono wake, palikuwa na mstari. Mwekundu, mwembamba, umekaa sawasawa.

Simu Mbili alikuwa amefika kabla yake, amefurahi kupita kiasi.

"Fundi, wewe ni mtu hatari. Kila siku mdomo unajichora kidogo. Umetumia nini, wino wa jua? Mji mzima hauzungumzi kitu kingine."

"Yateremshwe," Fundi alisema. "Leo hii. Yote."

"Nini?"

"Mwanangu anaumwa kwa sababu ya picha ile. Nakuomba, kaka yangu. Yateremshe."

Simu Mbili alimtazama kwa huruma ya mtu mwenye haraka. "Dada, umechoka. Kampeni inatuchosha wote. Jumatatu saa sita tunatoa jibu, baada ya hapo ukalale wiki nzima." Simu moja ikalia, akaipokea akitoka.

Basi aliamua kuurudisha mdomo mwenyewe. Alifungua kompyuta kutafuta picha halisi, ile ya ukuta wa jikoni kabla ya kufutwa. Hakuna fundi asiyejua sheria hii, na yeye mwenyewe aliwafundisha wanafunzi watatu kwa kuwafokea: ya asili haiguswi, unatengeneza nakala, unachafua nakala. Siku ile, akicheka na mwanawe, alihifadhi juu ya ile ya asili. Kadi ya kamera ilishafutwa kwa ajili ya kazi nyingine. Alitafuta picha nyingine za Chiriku, za siku ya kuzaliwa, za shule, za likizo, mamia, na katika kila moja mdomo ulikuwa ukungu, kwa sababu hakuna siku hata moja mtoto yule alinyamaza muda wa kutosha kunaswa.

Alikata mdomo mmoja wenye ukungu hivyohivyo, akaubandika, akampa Mzee Wino. Kwenye kioo cha kompyuta ulionekana. Mashine ikavuta, ikapiga kelele zake, ikatoa turubai. Mtoto hakuwa na mdomo, na pale mahali palitoka na unyevu wake tangu mwanzo.

Mzee Wino alizima mashine. Mvumo ukaendelea.

"Nilidhani ni beringi ya mashine," alisema taratibu. "Wiki nzima nadanganyika kwamba ni beringi." Akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Nina dada yangu. Alikuwa mkunga. Watu humpelekea mambo mengine pia, ambayo hospitali hawayaandiki. Jumapili nitawapeleka."

"Kwa nini si leo?"

"Kwa sababu leo na kesho atakuwa anafunga, na hilo halivunji hata kwa ajili yangu."

Mkunga aliishi kwenye vyumba viwili vilivyofagiwa sana. Hakuwa na mapambo ya kiganga; alikuwa na viti vya plastiki, kabati la vyombo, na saa ya ukutani iliyosimama. Alimkalisha Chiriku kwenye stuli, akatoa kwenye droo kile kipembe cha mbao ambacho wakunga huweka tumboni mwa mama mjamzito kusikiliza moyo wa mtoto. Akakiweka kwenye koo la Chiriku na kutega sikio.

Alisikiliza muda mrefu. Alipoinuka, sikio lake lilikuwa jekundu na limelowa.

"Miaka thelathini na nane kazi yangu ilikuwa kungoja sauti ya kwanza ya mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Hii siyo ya mtoto huyu. Ya kwake ipo, imekaa pembeni, imejikunyata. Nani alitengeneza picha?"

"Mimi," Fundi alisema, na mara neno lenyewe likamtia baridi.

"Na swali?"

"Tulisaidiana."

"Mmetundika swali mahali themanini, kubwa kuliko mlango wa nyumba, bila jina la anayeuliza wala la anayeulizwa, mkaliacha wiki nzima. Mlidhani nani atakaa kimya?" Hakusema kwa ukali. "Yapo majini yenye sauti. Hayo unabishana nayo mpaka yachoke. Hili halina kauli. Hukaa likingoja kuombwa liseme. Halikuvunja mlango, mwanangu. Lilikaribishwa kwa maandishi."

Fundi alianza kulia. Mkunga alimwachia alie kidogo, kisha akaendelea.

"Swali hufungwa kwa jibu. Mtu mzima asimame chini ya ile picha ya kwanza kuchapwa, jua likiwa utosini, aseme kwa kinywa chake: mimi nitawasemea. Likisikia hivyo litamwacha mtoto, litamwendea yeye."

"Halafu?"

"Halafu inategemea nyuma ya huyo mtu kuna nani. Hili halili anayesema. Linakula wale anaowasemea. Wewe nyuma yako yupo huyu mmoja tu, na kwake litakuwa limeshatoka. Mlango liliotokea haliruhusiwi kuurudia. Litakaa kwako na njaa mpaka lifie hapohapo. Lakini muda wote huo hutasema. Pengine siku arobaini, pengine miaka. Sikufichi, pengine litaondoka na sauti yako."

Mzee Wino alikohoa.

"Dada, na akitangulia kusema mgombea? Kesho saa sita ndiyo anasimama palepale. Ile picha ya kwanza ndiyo iliyowekwa kwenye mzunguko, niliifunga kamba mwenyewe."

Mkunga alimgeukia kaka yake. "Huyo nyuma yake kuna nani?"

Mzee Wino alitazama mikono yake. "Sisi," alisema.

Jumatatu Fundi aliamka ameamua. Alimwogesha Chiriku, akamsuka, akamweleza mambo yote ambayo mama humweleza mtoto anapokwenda safari ndefu: nguo zipo wapi, bibi apigiwe simu saa ngapi, asiogope mama akiwa kimya. Mtoto alisikiliza. Chini ya pua yake palikuwa pamebaki alama tu, kama ya mto mtu anapoamka.

Walifika kwenye mzunguko saa tano na nusu na watu walikuwa wamejaa. Bango la kwanza lilining'inia juu ya jukwaa, na mdomo wake ulikuwa umekamilika, mwekundu, umelowa, umeachama kidogo, na ndani yake palionekana meno. Watu walipiga makofi wakidhani ni ufundi. Fundi alipenya mpaka mbele, Chiriku mkononi, Mzee Wino nyuma yao akiwafungulia njia kwa viwiko, na walipofika chini kabisa ya turubai harufu ya maziwa ya kuungua iliwapokea nzito hata macho yakawasha. Kivuli cha Fundi kilikuwa miguuni pake, kidogo, kinapungua. Mgombea alikuwa ameshateremka kwenye gari, anashikana mikono na watu, anatabasamu kwa meno ambayo Fundi mwenyewe aliyafanya meupe kwenye mabango manne.

"Sasa, Fundi," Mzee Wino alinong'ona. "Sema sasa."

Alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, fupi, rahisi, na pamoja nalo yalikuja mengine yote ambayo hangeyasema tena, jina la mwanawe akimwita kutoka dirishani, utani wa kazini, ugomvi, dua, "lala salama", na akajiona amekaa jikoni na daftari miaka na miaka, anaandika kama bubu, mtoto anakua hamjui mama yake kwa sauti, na mvumo ukapanda kutoka kwenye koo la Chiriku na kutoka kwenye turubai juu yao kwa pamoja, na jua likafika utosini, na kivuli kikaisha, na yeye, ambaye alikuwa na pumzi ya kutosha na nafasi ya kutosha na mkono wa mwanawe ndani ya mkono wake, alingoja. Pumzi moja tu. Alijua kabisa anachofanya.

"Mimi," spika zilisema juu ya vichwa vyao. "Mimi nitawasemea."

Watu walishangilia. Katikati ya makelele yale kitu kilipita, si upepo, kwa maana bendera hazikutikisika, lakini nywele za watu waliokuwa mbele zililala upande mmoja kisha zikarudi. Mgombea alijishika koo, akakohoa, akatabasamu tena.

"Mama," Chiriku alisema, "unanibana mkono."

Fundi alipiga magoti palepale kwenye lami, akamshika uso, akaitazama midomo ile, pembe zake, mpaka wake, akaibusu, akacheka na kulia mbele za watu. Mtoto alikuwa ameshaanza: kiatu kinambana, ana njaa, yule mzee pale ana kofia ya ajabu, kwa nini watu wanapiga makofi, na je, wanaweza kupitia dukani. Furaha ya Fundi ilikuwa kubwa, na hakuna haja ya kumsemea uongo, ilikuwa kubwa kuliko aibu yake.

Mzee Wino hakusogea.

"Amekuwahi?" aliuliza.

"Amewahi yeye."

"Au ulimwachia?"

Fundi alimfunga mtoto kamba ya kiatu, akachukua muda mrefu kwenye fundo.

Wiki mbili zilizofuata mgombea alikuwa na sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Watu walisimama barabarani redio ikimtoa, na akimaliza walibaki wamesimama. Ilisemekana hajawahi kutokea msemaji kama yeye. Sokoni watu walinunua kwa kuonyesha kidole. Wateja waliokuja kiwandani walileta maelezo yao kwenye karatasi. Fundi alijiambia kwamba ni joto, kwamba ni uchaguzi, watu wamechoka kubishana. Nyumbani Chiriku aliongea akila, akioga, akilala, na yeye alimsikiliza kila neno. Mzee Wino alikuja kazini Jumatatu na mzaha mmoja badala ya kumi. Jumatano hakuwa na hata mmoja. Ijumaa hakuja.

Siku ya kupiga kura walikwenda mapema. Kituo kilikuwa shuleni kwa Chiriku, na foleni ilikuwa imeshazunguka uwanja, imenyooka, imetulia, watu wazima mia tatu au zaidi bila aliyelalamika kwamba mwenzake amechomekea. Fundi alipenda ule utaratibu. Akasimama nyuma ya mwanaume aliyevaa shati lililofifia kwapani, akamtambua kwa mgongo.

"Mzee Wino. Tumekutafuta," alisema, midomo ikifunguka kwa shida.

Aligeuka. Macho yake yalikuwa yaleyale, na yalimwambia mambo mengi kwa haraka. Chini ya pua palikuwa laini kama shavu.

Fundi alitazama mbele. Alitazama nyuma. Foleni yote ilikuwa ikivuma, taratibu, bila kuchoka, na ndani ya darasa redio ilikuwa imewashwa, ikimsemea kila mtu.

"Mama, Mzee Wino amefanyaje?" Chiriku aliuliza. "Mama, mbona hawa watu hawaongei? Na mwalimu naye yupo kule, mbona naye haongei? Tumpe shikamoo?"

Alitaka kumwambia watoke kwenye foleni. Alitaka kumwambia warudi nyumbani wafunge mlango na asiache kuongea, asiache hata kidogo. Maneno yote alikuwa nayo tayari.

Chiriku aliinua uso akingoja jibu. Alimtazama mama yake, akaendelea kumtazama, kisha akauchomoa mkono wake polepole.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Mdomo wako uko wapi?"